Kasuku Chini ya Paa Letu

Shamba la Bwana Cotterell,
Plateau, Eldoret
9 Machi 1936

Kwa dada yangu Sarah Nabwire,

Pokea salamu zangu na za Nelima. Sisi huku ni wazima, ila baridi ya nyanda hizi haijatuzoea bado. Goti lako linaendeleaje? Na watoto wa shule, wanakutii? Nisalimie kila mtu kanisani anayenikumbuka bila kukunja uso.

Dada, siendeshi tena ng'ombe wa plau. Bwana aliniita akasema, "Wewe iko mikono ya pole pole. Toka leo wewe angalia ndege." Nikafikiri ni kuku. Kumbe amejenga nyumba ya seng'enge ndefu kuliko kanisa letu, na ndani amejaza ndege walioletwa kwa meli na treni kutoka kila pembe ya dunia. Wako kasuku wa Brazili, wekundu kama damu mbichi, mabawa buluu na manjano, mkia mrefu kama mkono wangu. Wako wadogo wa Australia ambao hujui uwaite rangi gani: kichwa buluu, kifua cha machungwa, mgongo kijani. Yuko jogoo wa porini kutoka Uchina, kichwani dhahabu tupu. Na yuko mmoja wa Amerika mwenye mdomo mkubwa kama ndizi mbivu, sijui anaubebaje bila kuanguka kifudifudi. Siku ya kwanza nilisimama kinywa wazi kama mtoto.

Siku ya pili nilifunga kinywa, na pua pia. Wengine kati yao hawali nafaka, wanataka wadudu wanaocheza. Basi Bwana ananiamuru nitundike kichwa cha ndama kwenye kibanda mpaka kioze, funza wadondoke ndani ya debe la pumba. Kazi yangu ni kuwachambua kwa vidole, wanono huku, wembamba kule. Wananipanda mpaka kwenye kifundo cha mkono. Nanawa kwa majivu, nanawa kwa sabuni, lakini uvundo unabaki chini ya kucha. Nikimaliza hapo namenya mayai ya kuchemsha na kukata mapapai yaliyokuja kwa treni, yote ya ndege. Sisi wafanyakazi tunapimiwa posho yenye fukusi.

Nelima ana mimba ya miezi mitano. Jioni ananisogezea sahani kwa ncha ya mwiko, kisha anakula akiwa amenipa mgongo. Simlaumu. Hata mimi ningejipa mgongo kama ningeweza.

Ni mimi mdogo wako,
Phineas Walubengo


Kimilili
2 Aprili 1936

Mdogo wangu Phineas,

Salamu kwako na kwa mke wako, hasa kwake. Goti langu linauma wakati wa mvua, na mvua imeanza, kwa hiyo usiniulize zaidi. Wengine wote ni wazima.

Barua yako niliisoma huku nakula, na hilo ni kosa ambalo sitalirudia. Nilisukuma ugali pembeni, paka akafaidi. Hivi, mwana wa mama, tulikulea tukikufundisha kunawa kabla ya kushika chakula, ili mtu mzima aje kukufanya mfugaji wa funza? Kuna wanaume wanaokusanya mali, kuna wanaokusanya wake, lakini huyu anakusanya ndege wa watu wengine na uozo wa kuwalisha.

Na mayai! Mwanamke mwenye mimba anakula posho ya fukusi, na kasuku anamenyewa yai. Hilo ndilo lililonichefua kuliko kichwa cha ndama. Mtu akikuonyesha tundu la namna hiyo akasema ni uzuri, mwangalie mikono kwanza.

Watoto niliwasomea ile sehemu ya rangi tu. Walinyamaza kimya, na darasa hili halinyamazi. Msichana mmoja akauliza kama ndege wa Australia akiimba anaimba Kiingereza. Nikasema nitakuuliza.

Muulize Bwana atakutilia lini sahihi kwenye kipande, hicho cheti cha kazi ulichovishwa shingoni, uondoke. Kuna kazi ya useremala hapa. Mbao hazina funza wa makusudi.

Dada yako,
Sarah


Shamba la Bwana Cotterell
17 Mei 1936

Dada Sarah,

Nakusalimu, na natumaini goti limepata nafuu. Mimi mwili ni mzima. Nelima anakohoa kidogo asubuhi, lakini anasema ni moshi. Mwambie yule msichana kwamba ndege wa Australia hawaimbi, wanapiga kelele tu, kila mmoja kwa kinywa chake.

Nilimwuliza Bwana habari ya sahihi. Alisema mkataba wangu unakwisha Desemba, na kabla ya hapo nisimsumbue.

Sasa nikueleze jambo, na safari hii usile. Wiki mbili zilizopita walishuka stesheni kasuku wapya kutoka Amerika ya Kusini, kijani kibichi, vichwa vya manjano, waliofungiwa katika masanduku yenye matundu. Nilipofungua, wengine walikuwa wamekwisha kufa, na walio hai wamesimama juu ya waliokufa. Macho yameganda kwa usaha. Manyoya yamesimama kama ya kuku mwenye kideri. Wanapumua kwa kukoroma, na kinyesi chao ni maji ya kijani ambayo sijawahi kuona mfano wake.

Nicanor, mpishi wa nyumba kubwa, anajua Kiingereza. Aliwasikia Bwana na mkewe, Memsahib, wakigombana mezani. Kasuku wa huko wana homa inayoingia vifuani mwa watu, na serikali imeagiza kila anayewaona wakiumwa atoe habari. Memsahib akasema hao ndege wasilale karibu na binti yake hata siku moja. Bwana akasema akitoa habari watamwulia ndege wote, na amewatafuta miaka mingi.

Asubuhi yake akaja kwangu, kitambaa puani. "Daktari ya nyama iko kuja kuangalia ndege. Hii ya kijani lala kwa nyumba yako mpaka yeye kwisha kwenda."

Nikamwambia, "Bwana, mke wangu ana mimba."

"Ndege hapana kula mimba," akasema. "Kama wewe iko maneno, mimi pasua kipande yako, askari shika wewe njiani."

Basi wako humu, dada. Vizimba vimepangwa ukutani kutoka sakafuni mpaka juu ya kitanda. Nyumba yetu ni chumba kimoja, unaijua. Kinyesi kikikauka kinakuwa vumbi, na jua likipenya kwenye mlango unaona vumbi hilo likielea kama unga. Tunalivuta. Linatua juu ya maji ya kunywa. Jana uji wa Nelima ulikuwa na utando wa kijani, akauengua kwa kijiko, akanywa uliobaki kwa sababu hakukuwa na mwingine. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya nyumba.

Bwana haingii. Anasimama mbali na kuuliza kwa sauti kubwa kama wanakula. Anayeingia ni binti yake mdogo, anamtoroka yaya wake aje kuwapa biskuti. Nelima anamtoa nje kila siku, taratibu, kwa kumshika bega, na kila siku anarudi.

Daktari wa wanyama amesema atakuja, hajaja.

Mdogo wako,
Phineas


Kimilili
24 Mei 1936

Phineas,

Sina salamu ndefu leo. Mtoe Nelima humo. Usingoje daktari wa wanyama, usingoje Bwana, usingoje mkataba. Mtie kwenye treni Ijumaa ya kwanza ya Juni, nami nitakuwa stesheni ya Broderick Falls na gari la ng'ombe la mchungaji. Mpaka siku hiyo alale kwa jirani, hata kama ni sakafuni. Yule Jelagat mkamua ng'ombe uliyemsifu mwaka jana, mwombe. Mnandi hatamfukuza mwanamke mwenye mimba mlangoni pake.

Nimesoma barua yako nje, uani, kwa sababu sikutaka kuileta ndani ya nyumba. Kisha nikanawa mikono. Ndivyo ilivyonifanya.

Dada yako


Kimilili
13 Juni 1936

Mdogo wangu,

Hamjambo? Nijibuni swali hilo kwanza.

Nilikwenda stesheni. Treni ikaja, wakashuka Wahindi wawili, mwanamke mwenye kuku, na askari mmoja. Nikamwomba stesheni masta aniache nichungulie mabehewa, akaniruhusu. Nikafikiri Nelima amekosa nafasi. Nikarudi tena treni iliyofuata, na mchungaji amekwisha kuchoka kunikopesha gari lake. Hakushuka mtu wetu.

Niandikie hata mstari mmoja. Kama umekasirika kwa maneno yangu, kasirika kwa barua.

Dada yako,
Sarah


Jela ya Eldoret
29 Juni 1936

Dada,

Nakusalimu kutoka mahali ambapo hukutegemea. Karani hapa ni mwenzetu wa kanisa, ameniombea ruhusa ya barua moja. Nitasema haraka.

Nelima alihamia kwa Jelagat siku ile ile nilipopata barua yako. Lakini siku moja kabla ya safari homa ikampiga. Kichwa, kifua, akatetemeka mpaka kitanda cha kamba kikalia. Hakuweza kukaa, sembuse kupanda treni. Mimi na Jelagat tukamlaza kwenye gari la maziwa, tukampeleka hospitali ya Waafrika hapa mjini. Wakampokea vizuri. Nikarudi shambani kuchukua blanketi lake.

Mlangoni kwangu nikakuta askari, na yule daktari wa wanyama aliyengojewa, na Bwana. Daktari alikuwa amefuata uvundo mpaka kwangu, amevua kofia na kuziba nayo pua. Vizimba vimetolewa uani. Wengi wa kasuku walikuwa wamekufa humo ndani, wamelala chali, rangi zao bado zinang'aa.

Daktari akamwuliza Bwana kwa Kiswahili, ili sisi sote tusikie, hawa ni wa nani. Bwana akanielekezea fimbo yake. "Huyu mwizi. Yeye iba ndege yangu, ficha hapa. Mimi tafuta sana."

Nilimtazama usoni nikingoja aone haya. Dada, nimeshika funza, nimeshika mizoga, lakini kilichonifanya nishike tumbo ni kuona jinsi uso wake ulivyokuwa umetulia. Alikuwa kama mtu anayeagiza chai.

Hakimu alisikia neno la Bwana na neno langu, na kasuku walikutwa kwangu. Nimepewa miezi mitatu. Sijui kama mke wangu ni mzima au amekufa. Usinijibu kwanza. Nenda kwake.

Phineas wako


Eldoret, kwa mzee wa kanisa
20 Julai 1936

Mdogo wangu mpendwa,

Amani iwe nawe humo ulimo. Karani ameniahidi kwamba barua hii utasomewa yote au utapewa mkononi. Kaa chini kwanza.

Nelima yu hai. Mtoto hakuishi. Alizaliwa kabla mimi sijafika, msichana, hakulia. Wauguzi walimwacha Nelima amshike, akamhesabia vidole, akasema vimetimia. Tumemzika mimi, Jelagat na mzee wa kanisa katika makaburi ya hapa mjini, nami nimeweka mawe ili usipotee ukija. Nelima bado anakohoa na hana nguvu za kuinua birika, lakini homa imemwachia. Kila siku ananiuliza wewe unakula nini.

Lia kwanza, kisha endelea kusoma.

Nilipokwisha kuzika nilikwenda Plateau. Jelagat alinipeleka mpaka mlango wa jikoni wa nyumba kubwa, na Nicanor akamwita Memsahib. Akatoka, nywele hazijachanwa, macho mekundu. Nikajitaja. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, dada yako unamjua, lakini kabla sijafungua kinywa akasema, "Mtoto yangu mgonjwa. Homa. Kifua. Leo siku ya kumi."

Nikajua ni nini. Jelagat alikuwa amenieleza habari za biskuti.

Nikamwuliza, "Daktari ameambiwa habari za kasuku?"

Akatazama chini. "Bwana nasema hapana sema. Serikali nataua ndege yote iliyobaki."

Phineas, mtoto wake wa kumzaa yuko ndani anakoroma, na bado wanamficha daktari ukweli kwa ajili ya ndege! Nilihisi kama nimekanyaga kitu chenye joto na kinachoteleza. Akamwagiza Nicanor aniletee chai. Ikaja katika kikombe cha bati kilichochukuliwa chini ya meza, ukingoni kuna nywele za mbwa. Nikakiweka juu ya ngazi.

Akaanza kulia. "Mimi nalisema hiyo ndege itoke kwa nyumba."

"Ilitoka," nikamwambia. "Ikaingia kwa nyumba ya Nelima."

Nikaendelea, kwa sauti ya chini kwa sababu ya mtoto aliye ndani. "Memsahib, Nelima amezika. Wewe bado una wa kumwokoa. Daktari atajuaje dawa kama hajui ugonjwa umetoka wapi? Na ukimwambia, mwambie nani aliwapeleka kasuku kule, na nani yuko jela."

Alisimama pale, ameshika fremu ya mlango. Kisha akamwambia Nicanor, "Ita dereva." Akaingia ndani, hakuniaga. Baadaye nimesikia kwamba alikwenda kwa daktari mwenyewe na kumwambia yote, na daktari huyo, mzungu mwenzao, ndiye aliyekwenda polisi. Jana karani alisema kesi yako itasomwa upya.

Mtoto wake nasikia anapata nafuu. Nimemshukuru Mungu kwa hilo, ingawa ilinibidi nijilazimishe. Niliukataza moyo wangu usifanane na nyumba ile.

Naondoka kesho na Nelima kwenda Kimilili. Ukitoka, usikae hapa hata siku moja zaidi ya lazima.

Dada yako akupendaye,
Sarah


Plateau
12 Agosti 1936

Dada Sarah,

Nakusalimu kwa heshima yote, na mke wangu aliye mikononi mwako. Barua hii anaileta Nicanor, ambaye anakwenda kwao kwa treni. Mimi nitakuja kwa miguu, na utaona sababu.

Juzi walinifungulia. Hakimu alisema hukumu ile imefutwa, nikapewa shati langu. Nilikwenda kwanza makaburini. Mawe yako niliyaona. Nilikaa pale mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Kisha nikaja Plateau kuchukua vitu vyetu na sahihi ya kipande. Nyumba yetu imechomwa kwa amri ya daktari wa wanyama, pamoja na kitanda, na sikusikitika. Nyuma ya nyumba ya seng'enge kuna shimo. Jelagat alinieleza kwamba Memsahib alipokwisha kusema, wote waliokaa karibu na wale wa kijani siku za kwanza waliuawa, karibu kila ndege, wakamwagiwa mafuta ya taa. Waliungua siku nzima. Manyoya yalipeperuka yakanasa kwenye seng'enge na kwenye mahindi ya watu, mekundu, ya buluu, ya machungwa, na watoto wakakatazwa kuyaokota. Kando ya majivu nilikuta mdomo mmoja kama ndizi, haukuungua wote. Nikaufukia kwa mguu. Yule ndege hakuomba kuletwa Plateau. Alitolewa kwenye miti yake, akavukishwa bahari, akalishwa uozo wa vidole vyangu, akafa kwa ajili ya mtu aliyetaka kumtazama wakati wa chai.

Bwana akatoka. Nilitegemea fimbo. Dada, alikuwa anatabasamu.

"Phineas! Karibu. Sasa maneno kwisha. Mimi hapana kasirika tena."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakutania. Amenisamehe! Mtu yule amenisamehe mimi.

"Desemba ndege mpya iko kuja," akasema. "Toka Uchina. Nyekundu, dhahabu, safi kabisa, hakuna homa. Wewe najua kazi. Mimi jenga nyumba mpya, leta bibi yako."

Nikasema, "Bwana, unajua mtoto wangu alikufa?"

"Pole," akasema. "Wewe iko kijana. Mungu atatoa ingine." Alisema hivyo huku ameingiza kidole kwenye tundu la seng'enge, anapima kama panya anaweza kupita.

Mate yalinijaa kinywani, dada. Si mate ya hasira. Ni yale yanayotangulia kutapika, mepesi na ya chumvi. Niliyatema chini, kati yake na mimi, akaruka nyuma kama nimemrushia nyoka. Ndipo nikaelewa kwamba yeye pia anajua kinyaa. Anakijua vizuri sana, ila hajawahi kukielekeza kwake mwenyewe.

Nikamwomba sahihi. Akasema mkataba ni mpaka Desemba, na nikiondoka bila sahihi nitarudishwa nimefungwa kamba.

"Basi Bwana aandae kamba," nikamwambia.

Nimeandika haya nyumbani kwa Jelagat, ambaye amenikaanga mahindi ya njiani. Alipoulizwa na nyapara anamlisha nani, alisema anamlisha mgeni wake, na nyapara, Kipngetich, akatazama pembeni akapita. Ninaondoka mchana huu kwa kupitia lango kubwa, maana ndilo lililo karibu na barabara. Nikishavuka barabara nitapita mashambani kuwaepuka askari, kwa hiyo nitachelewa. Mwambie Nelima asinihesabie siku.

Askari wakifika Kimilili kabla yangu, wape viti, waambie niko njiani. Wakifika baada yangu, watanikuta nimekaa na mke wangu, na mlango uko wazi.

Mdogo wako,
Phineas